Hakuna Anayesogeza Kiti

Bukavu, 28 Mei 2023

Mwanangu Bintu,

Barua yako imefika kwa mukono wa Gentil wa bus. Nimeelewa. Watu wa Kavumu wanaomba binti yako Elodie, na mwezi wa nane wanataka kuleta ngombe ya mahari kwako Sange. Kijana anaitwa Bienfait, fundi wa pompe za maji. Ni vizuri.

Mimi sitashuka Sange. Niko kwenye lindo. Asubuhi napandisha bendera, mchana naongoza wageni wa musée, jioni nashusha bendera. Mwanajeshi haachi lindo juu ya sherehe. Mutafute mutu mwingine wa kusimama.

Salimia watoto.

Baba yako,
Caporal Placide

*

Maman Elodie, sasa ni mimi. Papa amenyamaza, anafikiri niko nakunja karatasi.

Naitwa Emérence, mupishi wa hii nyumba. Niko mama wa watoto wane, ninaishi Bagira, na masomo niliachia mwaka wa sita wa primaire, kwa hiyo makosa utanisamehe. Barua zote za Papa yako ni mimi ninaziandikaka. Anasema simu ni ya kujulisha kama umefika, neno la maana linataka karatasi.

Kwa vile hujafika hapa tangu aingie, nikuelezee kidogo. Ni ile nyumba ya matofali juu ya kilima, yenye nguzo nyeupe, inaangalia ziwa. Wabelgiji walimujengea Mwami, mufalme mumoja wa zamani, karibu na wao, wamuone vizuri kila akitoka. Mwami akafukuzwa, ikawa ya administrateur, ikawa ya askari, mwisho ikawa ya mbuzi. Leo ni parokia inaitunza. Nyuma wanalala wazee waliokuwa askari. Mbele ni musée ya kuonyesha vitu vya wakati wa mukoloni: kuna ngoma za Mwami, kofia za wazungu, fimbo ya ngozi waliyopigia watu, na bafu ya chuma waliyoleta kwa ajili ya mukubwa mumoja wa Ulaya, akafika, akanawa mikono tu, akaenda zake. Papa yako akielezea ile bafu, hata wewe unaona maji.

Usikasirike haraka, dada. Akisema lindo, si lindo. Zaidi ya hapo siwezi kuandika. Mungu ananiona.

Emérence

*

Sange, 6 Juni 2023

Papa,

Nakusalimia kwa heshima na watoto wote wanakusalimia.

Papa, unajua desturi kunipita. Elodie hana baba wa kusimama, kwa hiyo ni mutoto wa nyumba yako. Muzee wa nyumba ndiye anamuangalia kijana mchana kweupe, mbele ya pande zote mbili, na anasema, «Nimemuona.» Bila ile neno ngombe inarudi kwao. Uliisema kwa dada zangu wote wawili. Bendera itapandishwa na mwingine siku moja tu.

Mutoto wako,
Bintu

*

Maman Emérence, hii karatasi ya pili ni yako peke yako. Usimusomee.

Aksanti kwa chakula unachomupa baba yangu. Naandika hivyo na mukono unaniuma. Hapa sokoni, nikipima muchele, kuna wanaosema, «Huyu alitupa baba yake kwa nyumba ya wazee.» Wananunua na kusema palepale. Mimi nilimuomba aje tuishi naye, mara ngapi! Alikataa.

Sababu yake naijua. Nilimuzaa Elodie bila bwana, ndani ya nyumba ya Papa. Siku ile mama alipomuonyesha mutoto, Papa hakusema kitu. Alichukua panga, akaenda kukatia mbuzi majani mpaka giza likaingia. Tangu ile siku Elodie amekuwa mutu mukubwa, amesomea uuguzi, na Papa bado hajasema kitu.

Kama anaona haya ya mutoto wangu, aseme haya. Asiniandikie bendera.

Bintu

*

Bukavu, 13 Juni 2023

Dada Bintu,

Leo hakuna maneno ya Papa. Nilimusomea karatasi yake, akaisikiliza wima. Nilipofika kwa «Nimemuona» akageuka, akaenda kushusha bendera, na jua lilikuwa bado juu. Wazee wenzake waliweka karata chini. Sergent Jean-Baptiste, mwenye wanabishana naye kila siku juu ya karata, naye aliacha muchezo akiwa anashinda, kitu ambacho katika hii nyumba hakijaonekana.

Sikiliza. Si Elodie. Kwa mufuko wa shati, upande wa moyo, Papa anatembea na foto ya Elodie ya komunyo ya kwanza. Akimaliza kuonyesha wageni ngoma za Mwami, anaitoa: «Na huyu ni mujukuu wangu, infirmière.» Mara nyingine anaishika kichwa chini, miguu juu. Wageni wanasema ni muzuri.

Mutu anaona haya namna hiyo?

Kuna kitu najua. Nilishika rozari mbele yake nikaapa kwamba sitasema. Nilienda kumuuliza Padri nifanye nini, sababu machozi yako yamo ndani ya ile karatasi, niliona wino umetawanyika. Padri akaniambia, «Emérence, aliyekufunga ndiye anaweza kukufungua. Mwombe.» Basi namuomba kila siku, nikimupakulia maharagi. «Papa, unifungue.» Ananijibu, «Ongeza chumvi.»

Ngoja kidogo, dada yangu. Nakuombea.

Emérence

*

Sange, 18 Juni 2023

Maman Emérence,

Mimi sina rozari ya kuapia, niko na harusi. Watu wa Kavumu wanataka jibu.

Tonton Patrice, binamu wa Papa anayekaa Luvungi, amekubali kusimama. Ni mutu wa pombe ya kasiksi, akishaonja hanyamazi, lakini angalau macho anayo na mudomo anao. Atamuangalia kijana, atasema neno, mambo yataisha.

Mwambie Papa abaki na bendera yake. Usimwambie kwa ukali. Mwambie tu.

Bintu

*

Bukavu, 24 Juni 2023

Dada yangu Bintu,

Kaa chini kwanza. Kama uko sokoni, funga barua, uisomee nyumbani.

Jumanne lilikuja darasa la watoto wa shule na mwalimu wao. Sasa Maman Carine, directrice wetu, ni mutu muzuri, kijana, alisoma kazi ya kuongoza musée mpaka mbali. Jumatatu, siku tunafunga, alipanga upya chumba kikubwa. Bafu akaipeleka kwa dirisha. Pale bafu ilipokuwa, kwa ukuta, akatundika ile fimbo ya ngozi. Papa siku ile alikuwa amelala na mafua, hakuna aliyemwambia.

Nilikuwa napita na maji ya chai. Papa amesimama wima mbele ya fimbo, na beret yake, mukono umenyoka. Anasema, «Hapa, watoto, ndipo yule mukubwa alinawa mikono yake. Angalieni namna ni nyeupe, namna inang'aa.»

Watoto wakaangalia fimbo. Wakaangalia Papa. Mwalimu akaacha kuandika. Kisha kasichana kamoja kakasema polepole, «Papa, hii ni fimbo.»

Dada, niliweka sufuria ya chai chini. Papa akanyoosha kidole, akagusa ukuta, akagusa ile ngozi. Uso wake siwezi kukuandikia.

Ndipo Sergent Jean-Baptiste akasema kwa kiti chake cha mulangoni, «Vizuri! Anawapima kama munasikiliza. Nani mwingine aliona?» Watoto wote wakainua mikono. Jean-Baptiste akasimama, akamushika Papa kwa kiwiko kama mutu anayemusalimia rafiki, akasema, «Caporal, bafu imehamishwa kwa dirisha, hatua chache kuume kwako. Endelea.» Na Papa akaendelea. Alimaliza chumba chote.

Leo jioni aliniita. Akasema, «Nimekufungua. Andika. Mimi nitatoka nje wakati unaandika.» Niko namuona kwa dirisha, amekaa chini ya bendera.

Papa yako haoni, dada. Mwaka wa pili sasa. Ni mimi nilimupeleka kwa daktari wa macho. Daktari alisema mushipa umekufa, hakuna dawa, hakuna kupasua. Papa akaniapisha njiani, hata hatujafika nyumbani. Alisema, «Wakijua, nitakuwa muzigo. Bintu atakuja kunichukua kama gunia.» Ndani ya hii nyumba anatembea peke yake, kila ukuta anaujua kwa mukono. Kule Sange angekuwa mutu wa kushikwa.

Lakini si ile hasa inayomukataza. Aliniambia, «Nitasemaje nimemuona, na sikumuona? Mbele ya Mungu, mbele ya marehemu mama ya Bintu? Ndoa ya ule mutoto niijenge juu ya uongo wangu?»

Unaelewa sasa. Hakumukatalia Elodie. Alikataa kumudanganyia.

Nikuambie na hii, sababu imenifundisha kitu. Nilifikiri ni mimi peke yangu najua. Nilikuwa najiona mulinzi mukubwa wa siri. Kumbe wazee wote wanajua tangu zamani. Ndiyo maana katika hii nyumba hakuna anayesogeza kiti. Nilikuwa nawagombeza, «Lakini nyinyi wazee, hata kufagia munanikataza?» Kila benchi, kila ndoo, inarudishwa pale pale. Na Jean-Baptiste, wakicheza karata, anatangaza kila karata kwa sauti kama mutu wa radio. Mimi nilidhani ni maringo.

Maman Carine alilia. Kesho yake alirudisha vitu vyote mahali pa zamani. Kisha akajifunga kitambaa machoni, akatembea chumba chote na mukono kwa ukuta. Aliangusha kofia mbili za wazungu. Amesema Papa ataendelea kuongoza wageni, na kitu kikisogezwa ni yeye ataambiwa wa kwanza.

Sasa fikiria: Kavumu ni kaskazini, Sange ni kusini, Bukavu iko katikati. Kwa nini wasilete ngombe hapa? Nafasi iko mbele ya nguzo. Wazee wako tayari kuwa familia, wameanza kugombana nani atakaa karibu na Papa.

Ile neno, mimi sijui itasemwa namna gani. Ile namuachia Mungu.

Emérence

*

Sange, 2 Julai 2023

Maman yangu Emérence,

«Macho anayo.» Niliandika vile, kwa mukono wangu, na wewe ukaisoma. Kama ningeweza kupanda ile bus nikamunyanganya Gentil ile karatasi!

Nimelia, nimemaliza, nimepima muchele, nimelia tena. Elodie alisoma barua yako mara mbili. Alisema kitu kimoja: «Mama, twende Bukavu.»

Tutakuja tarehe kumi na mbili ya mwezi wa nane. Kavumu wamekubali mahali. Lakini kuna Papa Zagabe, mujomba wa kijana, ndiye anasemea upande wao. Mutu wa desturi mpaka mifupa. Mwaka jana alirudisha ngombe yake kwa harusi ya mupwa mwingine, sababu muzee wa kule alisahau ile neno na hakutaka kurudia. Sijamwambia habari ya macho. Naogopa.

Basi Papa akae tu kwa kiti cha muzee, apewe heshima yake. Tonton Patrice atasimama kwa pembeni na kusema neno. Hakutakuwa uongo wa Papa. Mwambie namuomba.

Bintu

*

Bukavu, 9 Julai 2023

Mwanangu Bintu,

Patrice asiseme kitu. Nitasema mimi.

Caporal Placide

*

Dada, nimejaribu. Ameninyima kabisa kujua atasema nini. Amenituma nipige pasi suruali, na mistari ya pasi anaipima kwa kidole. Mimi nimeanza novena, sala ya siku tisa. Anza na wewe, hata kama unapima muchele.

Emérence

*

Bukavu, 14 Agosti 2023

Dada yangu Bintu,

Juzi kwa dirisha ya bus uliniuliza, «Lakini alisema nini hasa?» na Gentil akawasha motor. Ni kweli hukusikia. Mama wa binti anabaki jikoni mpaka ngombe ifungwe, ndiyo desturi, na wewe ulikuwa nyuma ya mulango na masufuria yote ya nyumba. Ulisikia tu vigelegele. Basi nikupe yote, sababu mimi nilisimama nyuma ya kiti chake.

Kwanza, watu wa Kavumu walifika na mabenchi yao wenyewe. Wakayapanga kila mahali, kwa furaha yao, hata kwa njia ya Papa ya kutoka kwa bendera mpaka kiti. Mimi nikashika moyo. Papa akaanza kutembea, wima, hakuna fimbo, hakuna mukono wa mutu. Alipokaribia benchi ya kwanza, muzee mumoja akakohoa. Papa akapinda. Benchi ya pili, mwingine akakohoa. Jean-Baptiste alikohoa kama trakta. Papa Zagabe akamuuliza jirani yake, «Hawa wazee wote wana kifua?»

Akafika. Akakaa. Maneno ya salamu yakapita, kasiksi ikaonjwa, Tonton Patrice akanyamaza, muujiza wa kwanza. Kisha wakamusimamisha Bienfait kwenye jua, na watu wote wakangoja neno.

Papa akasema, «Kabla sijasema, mujue kitu. Mimi ni kipofu. Sitasema nimemuona.»

Mutu aliyeshika kamba ya ngombe akaanza kuigeuza. Papa Zagabe akasimama, uso umefunga. Nilisali, dada, sijui nilisali nini.

Papa akasema, «Bienfait, karibia. Leta mikono.»

Kijana akapiga magoti mbele yake. Papa akashika ile mikono, akaigeuza, akapitisha kidole gumba kwa kila kovu, polepole, kama vile anapita kwa ukuta wa nyumba. Akagusa uso, paji, masikio. Akasema, «Unatetemeka.»

«Ndiyo, Papa.»

«Vizuri. Mujukuu wangu alizaliwa bila baba nyumbani. Unajua?»

«Najua, Papa.»

«Nani alikuambia?»

«Yeye mwenyewe. Siku ya kwanza tuliongea.»

Papa akabaki na ule uso mikononi. Kisha akasema kwa wote, na hii ndiyo nataka uisome ukiwa umekaa: «Siku alizaliwa, mama yake alidhani nimekasirika. Nilimushika ule mutoto nikakuta ni uso wa bibi yake. Sikujua kulia mbele ya wanawake. Nikaenda kukatia mbuzi majani. Mbuzi zilishindwa kuyamaliza.»

Watu wakacheka, wazee wakajipangusa macho. Mimi nilijua wewe uko nyuma ya ule mulango na husikii, nikataka kukimbia kukuita, lakini Papa alikuwa bado anasema.

Ndipo akasema kwa sauti ya amri, ile ya bendera: «Sikumuona. Nimemushika.»

Papa Zagabe akamuangalia Papa. Akaangalia ngombe, akaangalia kijana wao bado yuko magotini. Akasema, «Kwetu neno ni nimemuona.» Tukakufa. Akaendelea, «Lakini mimi tangu ujana nasikia wazee wakisema nimemuona, na macho yao yako kwa ngombe. Huyu ni wa kwanza kugusa mutoto. Fungeni.»

Wakaifunga kwa mulingoti wa bendera, sababu hatukuwa tumefikiria mahali pengine. Ndipo ukasikia vigelegele.

Ni hayo. Sikuongeza kitu.

Emérence

*

Sange, 20 Agosti 2023

Maman Emérence,

Nimeisoma barua yako sokoni, kwa makusudi. Yule anayesemaka nilitupa baba yangu alikuja kununua. Nikamusomea kipande cha mbuzi na majani. Alisahau kuchukua muchele wake.

Papa, najua Maman atakusomea hii. Ningekuwa nimefungua ule mulango wa jikoni miaka mingi kabla, nikakuuliza. Elodie amesema baada ya harusi anataka kazi Bukavu. Atakuja kila Jumapili baada ya misa. Usisogeze kiti chake.

Bintu

*

Bukavu, 3 Septemba 2023

Mwanangu Bintu,

Nimesomewa. Kiti cha Elodie kimewekwa, kushoto kwa changu. Wazee wameambiwa.

Ngombe iko salama. Imekula maua ya directrice upande mumoja wote. Wageni wanaikuta imefungwa mbele ya nguzo na wanauliza kama nayo ni ya wakati wa mukoloni. Tuma Bienfait aje na vyuma vyake ajenge uzio. Aje na kofia, jua ni kali.

Neno la mwisho. Huyu Maman anayeandika anafikiri sijui. Tangu mwezi wa tano mimi namaliza kusema, na kalamu inaendelea. Naisikia. Mara ya kwanza nilitaka kumukamata. Kisha nikawaza: mimi ninakuandikia bendera, labda yeye anakuandikia namna baba yako alivyo. Nikamuacha.

Baba yako,
Placide

*

Dada Bintu, kumbe siku zote alikuwa anaisikia kalamu, na leo hatoki. Ananikalia mbele, kichwa kimeinama upande mumoja. Nikisimamisha kalamu, anainua kidole, kama vile anavyowaambia watoto wa shule waendelee.

Emérence